Kizuizi cha Elfu Sita na Mia Tano

Jumatatu, 2 Machi

Leo ni miaka miwili, miezi mitatu na siku nne tangu nitoke nyumbani. Mtoto nilimwacha ana miezi mitano, hajaota hata jino. Jana kwenye simu aliniuliza kama mimi ndiye baba wa kwenye simu au yupo mwingine.

Nimeanza daftari hili kwa sababu ya maneno ya bosi. Asubuhi alitukusanya mbele ya magari yake manne. Ni magari ya michezo ya zamani, yote yamenizidi umri. Akasema msimu wa mbio za mlimani umefika na utakwisha mwisho wa Mei. Halafu akaninyooshea kidole.

"Zamu ya likizo ni ya Ufagio. Magari haya yakimaliza msimu na injini zao nzima, Juni anakwenda kwao mwezi mzima, tiketi juu yangu. Injini hata moja ikifa, haendi mtu. Kila mkono nitauhitaji hapa."

Ufagio ndiye mimi. Nafagia, naosha vipuri kwa dizeli, nashika taa watu wakilala chini ya magari. Leo niliziangalia zile injini nne kama mtu aliyelaza wagonjwa wanne hospitali moja.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Chini ya mabati hatusikiani. Nimeosha pistoni kutwa nzima.

Jumapili, 8 Machi

Niwataje watu, nisije nikawasahau nikizeeka.

Kaka Fundi ndiye mkuu wa gereji. Tumetoka sehemu moja, yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii. Ananiita mdogo wangu, na mimi namheshimu kama kaka wa tumbo moja. Akigusa injini kwa kiganja anakwambia silinda gani inaumwa.

Mama wa Stoo anakaa nyuma ya dirisha la waya. Kila kipuri kinachotoka kwenye gari anakifunga kikaratasi cha njano: kimetolewa na nani, kimerudishwa na nani. Mwanamke mkavu kama mkate wa juzi. Jana niliomba boliti moja, akauliza, "Ya kufagilia?"

Mpwa ni mtoto wa dada yake bosi. Ndiye anayeendesha lile gari jekundu kwenye mbio. Ana miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Simpendi.

Nimemnunulia mtoto viatu, vyekundu, namba 25. Mama yake alipima mguu kwa uzi, akaniambia sentimita.

Jumapili, 15 Machi

Mbio za kwanza. Kila gari hupanda mlima peke yake na kupimwa kwa saa. Jekundu lilipanda vizuri mpaka kwenye kona ya mwisho, likaanza kukohoa kama mzee aliyevuta moshi wa kuni. Mpwa alishuka amenuna.

"Kila nikifika elfu tano na mia sita kwenye saa ya mizunguko, linakata. Nikiachia, linarudi."

"Kabureta hiyo," Kaka Fundi akasema.

Ijumaa, 20 Machi

Kabureta imefunguliwa mara tatu. Jekundu bado linakohoa palepale, elfu tano na mia sita. Namuonea huruma Kaka Fundi. Kunishinda mimi aibu ni ndogo, kumshinda yeye ni kubwa.

Jumatatu, 23 Machi

Nimeupata ugonjwa.

Ndani ya distribyuta kuna rota, kidole cheusi kinachozunguka na kuigawia kila plagi umeme wake. Nilikuwa nafuta vumbi ndani ya distribyuta ya lile jekundu nikaona rota yake si kama za magari ya barabarani. Imegongwa namba, 6500, na ndani yake kuna kizito kidogo cha chuma kilichofungwa na springi nyembamba kama unywele.

Niliishika mkononi mpaka chai ikapoa. Mwisho nikaelewa. Waliotengeneza magari haya waliwajua madereva wao, hawakuwaamini. Injini ikizunguka taratibu, springi inakishika kizito. Injini ikipitiliza, kizito kinataka kuruka nje, kama maji ya ndoo unayoizungusha kwa mkono. Kinaivuta springi mpaka kinagusa chuma, na umeme uliokuwa ukienda kwenye plagi unapotelea kwenye mwili wa injini. Hakuna cheche. Injini inakohoa, mwendo unashuka, springi inakirudisha kizito mahali pake, cheche zinarudi. Hakuna kompyuta, hakuna waya. Chuma na springi tu, miaka yote hii, vinamzuia mtu mwenye mguu mzito asiue injini.

Ya jekundu springi yake imechoka. Inaachia mapema.

Nilimwita Kaka Fundi pembeni nikamwonyesha. Alinipiga begani. Mchana nilimsikia akimwambia bosi, "Nimeishughulisha sana akili yangu, bosi, kumbe ni kizuizi." Hakunitaja. Nikasema moyoni, basi, kaka ni kaka.

Jumatano, 25 Machi

Bosi amesema kizuizi kisiondolewe. "Tafuteni rota mpya ya namba hiyohiyo. Bila kizuizi gari hilo halipandi mlima wangu." Mama wa Stoo amepiga simu kila mahali. Hazipatikani tena.

Ijumaa, 27 Machi

Leo nilishika taa, nikaona kwa macho yangu. Kaka Fundi ameweka rota ya kawaida, ile ya barabarani, isiyo na kizito wala springi. Bosi alipopita, akamwambia, "Kizuizi nimekirekebisha." Mpwa naye akaambiwa hivyohivyo. "Kanyaga tu mpaka kikohoe chenyewe."

Bosi alipoondoka nikamuuliza, "Kaka, si hakuna kitu cha kukohoa pale?"

"Mdogo wangu, fumba macho. Yule kijana hafiki huko."

"Akifika?"

"Akifika ni injini, si mama yako."

Ni Juni yangu. Sikumwambia.

Jumapili, 29 Machi

Gereji tupu, wengine wamekwenda kufua. Nimefanya kitu ambacho sijawahi kufanya maishani. Nimetengeneza mashine.

Mota ya cherehani iliyotupwa, na kanyagio lake. Juu ya mhimili nimefunga ile rota ya zamani, Kaka Fundi aliiacha kwenye benchi. Waya mmoja kwenye shaba ya juu, mmoja kwenye mhimili, betri, na balbu. Kizito kikiruka nje na kugusa, balbu inawaka. Kipima-mizunguko nilikiazima kwenye mashine ya kukereza vyuma, unakigusisha kwenye ncha ya mhimili kinakusomea.

Springi ya zamani kwanza. Nikakanyaga polepole. Balbu iliwaka elfu mbili na mia nane! Imechoka kuliko nilivyodhani, haifiki hata nusu ya namba iliyogongwa. Ajabu kidogo, maana saa ya kwenye gari ilikuwa inasema elfu tano na mia sita. Lakini saa za magari ya zamani zinadanganya, kila mtu anajua.

Nikaanza kujaribu springi. Ya kalamu, haifai. Ya kiberiti cha gesi, balbu inawaka elfu nne. Ya kitasa, elfu tano. Mwisho nikakata ya kufuli dogo, ngumu, inauma vidole, nikaipunguza kwa tupa kidogo kidogo. Saa nane mchana balbu iliwaka elfu sita na mia tano kamili. Nikarudia mara kumi. Kamili, kamili, kamili.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Sina cheti, niliacha shule darasa la sita, na nimerekebisha kizuizi mimi. Nilitamani kumwonyesha mtu. Mama wa Stoo alipita kuchukua mwavuli aliosahau, akaona cherehani, akauliza, "Unashona?" Nikamwambia nashona suruali.

Jumatatu, 30 Machi

Nimefika wa kwanza. Nimetoa rota ya Kaka Fundi, nimeweka yangu. Dakika nne. Ya kwake iko chini ya nguo zangu kwenye kabati.

Jumapili, 12 Aprili

Mbio za pili. Kukavu. Jekundu la pili kwa mwendo, halikukohoa. Nimelala vizuri wiki mbili hizi, kwa mara ya kwanza tangu nije.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Kaka Fundi amenituma kumfulia ovaroli lake. Zamani nisingejali.

Jumapili, 3 Mei

Mbio za tatu. Jekundu la kwanza. Mpwa alishuka akimtafuta Kaka Fundi.

"Fundi, leo saa ilinionyesha elfu sita na mia nane. Mbona hakijakohoa?"

"Hujafika. Saa yako inazidisha."

Mpwa akanigeukia mimi. Mimi, mwenye kitambaa cha kufutia vioo.

"Ufagio, we unasemaje?"

Kaka Fundi alinikazia macho, akiogopa nitasema rota ni ya kawaida. Nilitaka kucheka. Mimi najua kizuizi kipo, nimekiweka kwa mkono wangu.

"Ni kweli," nikasema. "Saa ya zamani hiyo, inadanganya. Kanyaga."

"Haya bwana," akasema, akavua miwani akanipa mkono. Mara ya kwanza mtu wa familia ile kunipa mkono. Si kijana mbaya sana.

Jumapili, 17 Mei

Tiketi imekatwa, bosi amenionyesha. Jumamosi tarehe sita Juni. Mama wa mtoto amecheka mpaka simu ikakatika. Mbio zimebaki moja.

Jumapili, 24 Mei

Imekufa.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, barabara inang'aa. Kwenye kona ya tatu magurudumu ya nyuma ya jekundu yalikosa pa kushika. Gurudumu likiteleza injini inakuwa haina mzigo, mizunguko inaruka kwa ghafla, haimsubiri mtu aondoe mguu. Hapo ndipo kizuizi kilipotakiwa kufanya kazi yake. Nilikuwa kwenye ukingo, nasikia sauti inapanda. Nikasema sasa, kohoa. Ikapanda. Kohoa. Ikapanda mpaka ikawa kama filimbi, halafu ukaja mlio kama mtu ameangusha sanduku la nyundo kwenye ngazi.

Konrodi, mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni, imetoboa ubavu wa injini. Mafuta yalimwagika chini ya magurudumu ya nyuma, gari likageuka likagonga ukuta. Mpwa wamemtoa akiwa hai, mkono wa kulia umevunjika mara mbili.

Alipokuwa anapandishwa kwenye gari la wagonjwa alisema, "Halikukohoa." Alikuwa ananitazama mimi.

Sielewi. Nilipima mara kumi.

Jumatatu, 25 Mei

Nitayaandika yote, nisije baadaye nikajidanganya.

Bosi alisimama juu ya gari, na sisi tumelizunguka. Akasema, "Fungua distribyuta. Nataka kukiona hicho kizuizi."

Uso wa Kaka Fundi uligeuka majivu. Alidhani kifuniko kikifunguka itaonekana ile rota ya kawaida, na yeye basi. Alizifungua klipu taratibu kama anafungua jeneza. Kifuniko kikatoka. Akaiona rota ya 6500. Akaangalia. Akaniangalia. Sijawahi kuona mtu anafikiri haraka vile.

"Hiki hapa, bosi," akasema, sauti imeshanyooka. "Kizuizi kipo, na namba yake hii, soma mwenyewe. Kijana wako amekosea gia. Ameshusha kutoka ya nne akaingiza ya pili. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini kwa nguvu, kukata cheche hakusaidii kitu."

Na hilo la gia ni kweli kabisa kwa magari haya. Ndiyo maana uongo wake ulikaa vizuri.

"Hospitali anasema hakugusa gia," bosi akasema.

"Angesemaje, bosi?"

Bosi alishika rota akaigeuza mkononi. Watu wa aina yake wanaamini chuma kuliko damu yao. Akasema mpwa wake hatakaa tena kwenye gari lake hata la kwenda sokoni, na akitoka hospitali akatafute pa kuishi.

Halafu akanigeukia. "Kosa si la gereji. Ufagio, safari yako iko palepale."

Kaka Fundi alinifuata kwenye bomba la maji, amefurahi, ananing'ang'ania shingo. "Mdogo wangu, we mjanja! Ulijuaje? Umetuokoa."

Umetuokoa. Nikanawa mikono mpaka sabuni ikaisha.

Jumanne, 26 Mei

Mama wa Stoo ameniita dirishani. Rota ilikuwa mbele yake kwenye kitambaa.

"Mimi nilimpa fundi wako rota ya kawaida, tarehe ishirini na saba Machi. Hii haikutoka kwangu. Na springi hii ni ya kufuli. Ulikuwa unashona nini Jumapili ile?"

Nikamwambia yote. Mashine, balbu, elfu sita na mia tano kamili. Nilipomaliza akasema, "Fundi wako akiweka taimingi, wakati wa cheche, wewe unaizungusha kranki kwa mkono mara ngapi mpaka rota irudi ilipoanzia?"

"Mara mbili, mama."

"Basi injini ikizunguka elfu sita na mia tano, rota inazunguka ngapi?"

Nimezungusha kranki zile, mihimili mikuu ya injini, kwa mkono kwa miaka miwili. Mara mbili, rota mara moja. Mikono yangu ilijua. Mimi sikuiuliza.

Nusu. Rota inakwenda nusu ya injini. Nilitakiwa kupima elfu tatu mia mbili na hamsini. Niliyoiweka ingekohoa injini ikifika elfu kumi na tatu. Haiko injini ya namna hiyo hapa. Nilimwekea kijana yule kipande cha chuma chenye namba ya uongo, nikamwambia kanyaga.

"Ungeniuliza," akasema Mama wa Stoo. "Mume wangu alikuwa anarekebisha distribyuta. Mashine yake ya kupimia niliyo nayo nyumbani ina vipimo viwili kwenye saa, cha injini na cha distribyuta, kwa ajili ya watu kama wewe."

"Ulivyonisema kuhusu boliti..."

"Nilikutania. Wewe ukanuna miezi mitatu."

Nimerudi chumbani nimesoma daftari hili. Tarehe 29 Machi. Springi ya zamani, elfu mbili na mia nane. Saa ya gari, elfu tano na mia sita. Niliyaandika mwenyewe, mstari mmoja baada ya mwingine, nusu na zima, nikasema saa inadanganya. Saa ilikuwa ndiyo kitu pekee kwenye gereji ile kinachosema kweli.

Jumatano, 27 Mei

Nikinyamaza, Jumamosi ya wiki ijayo naondoka. Siku kumi. Viatu viko juu ya sanduku.

Kaka Fundi ameanza kuwahadithia watu jinsi alivyokirekebisha kile kizuizi.

Alhamisi, 28 Mei

Kesho bosi anafungua injini na kukagua kila kipuri pamoja na karatasi yake. Mama wa Stoo ameniwekea karatasi ya rota mezani, haijaandikwa. "Mimi nafunga karatasi," akasema. "Siandiki nisichokifanya."

Nilikaa nayo saa nzima ya chakula. Mwisho nikaandika: Kimetolewa na Kaka Fundi, kikawekwa cha kawaida. Kimerudishwa na mimi. Springi nimebadilisha mimi, nimepima vibaya, hakiwezi kuzuia. Dereva hana kosa.

Nisijisifu. Sikuandika kwa sababu mimi ni mtu mwema. Niliandika kwa sababu sikuvumilia kumsikia yule mtu akijigamba kwa rota yangu, hata ikiwa mbovu. Na kwa sababu ya mkono niliopewa tarehe tatu Mei.

Ijumaa, 29 Mei

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, bosi."

Alisoma mara mbili. Halafu akamwuliza Kaka Fundi kama ni kweli aliweka ya kawaida.

"Ya muda tu, bosi, nikitafuta nyingine. Sasa huyu mfagiaji akaingiza mkono bila kuniambia. Mtu nimemleta mimi, nimemlisha mimi, angalia!"

Mfagiaji. Neno mdogo wangu limekufa leo saa tatu asubuhi.

Bosi hawezi kumfukuza Kaka Fundi, hana mwingine wa kuijenga injini ile. Kwa hiyo alitafuta wa kumtwika lawama, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, mwandiko wangu mkononi mwake.

"Nilisema injini ikifa haendi mtu. Wewe huendi. Utaijenga hii pamoja na mafundi, boliti kwa boliti. Ikimaliza msimu ujao, ndipo utakwenda."

"Na tiketi, bosi?" akauliza Kaka Fundi. "Imeshakatwa, itapotea bure. Injini yenyewe haijengeki mpaka vipuri vifike Julai."

Bosi akasema wabadilishe jina, liwe la Kaka Fundi.

Jumanne, 2 Juni

Mpwa amekuja kuchukua vitu vyake, mkono umefungwa shingoni. Bosi amemwambia arudi nyumbani, naye amekataa. Alinikuta naosha bloku ya injini iliyotoboka.

"Uliniambia nikanyage."

"Ndiyo."

"Fundi nilijua ananidanganya, namjua. Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Aliinama, akaingiza kidole kwenye tundu la konrodi, akakitoa kina mafuta, akakifuta kwenye kitambaa changu akaenda.

Jumamosi, 6 Juni

Kaka Fundi ameondoka asubuhi. Aliuliza kama nina mzigo wa kupeleka kwetu. Nikamwambia sina.

Mama wa Stoo amekuja na mashine ya marehemu mumewe kwenye toroli, akaiweka karibu na benchi yangu bila kusema kitu, isipokuwa, "Ufagio, ukiivunja utaniona."

Mchana nilikwenda dukani kubadilisha viatu. Muuzaji aliuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia ule atakaokuwa nao nikifika. Amenipa namba 28, vyekundu vilevile. Mama yake nimemwambia kwenye simu asipime tena mguu, asubiri. Msimu ukiisha na injini ikiwa nzima, natarajia kufika Juni ya mwakani, Jumamosi ya kwanza.